Kipande cha Kandambili kwenye Njia ya Hewa

Vijana wangu wa gereji ya Bugene, kibao nimekiona. Nilipita Jumanne natoka sokoni Kayanga, mkakigeuzia ukutani mkidhani nimezeeka macho, lakini rangi ya bluu ilikuwa imewajaa mpaka kwenye viwiko. "Gereji ya Fundi Deusi." Herufi za jina langu zimenyooka vizuri, hongereni. Nilifika nyumbani nikashindwa kula. Mke wangu akaniuliza kama ni tumbo, nikamwambia ndiyo, ni tumbo.

Msikitundike kabla hamjanisikia. Najua mtasema mzee ameanza. Haya, ameanza, tafuteni pa kukaa.

Kazi mnayofanya ninyi, mimi nikiitazama nacheka peke yangu. Juzi Edson alichomeka kompyuta chini ya usukani wa lile gari jekundu, lile alilolitoa kiboksi cha kompyuta cha kiwandani akaliwekea cha kuagiza, akaniambia, "Babu, sikiliza sailensi hiyo." Sailensi, kwa atakayesoma haya na si fundi, ni ule mngurumo wa injini gari likiwa limesimama na mguu haupo kwenye mafuta. Akabonyeza kitufe, mngurumo ukapanda. Akabonyeza tena, ukashuka. Hakushika bisibisi wala hakuchafua kidole.

"Naiambia valvu ya hewa ifunguke kiasi gani, nayo inatii," akasema.

Nikamwuliza, "Na ukiiziba isipitishe hewa kabisa?"

Akacheka sana. "Babu naye! Nani atafanya ujinga huo?"

Nikacheka na mimi, nikaondoka. Edson, mjukuu wangu, ujinga huo niliufanya mimi, na kuna mtu alivunjika mguu na kuharibikiwa jina kwa sababu ya ujinga huo.

Nilianza kazi mwaka ule wa sabini na nane, vita vilipotufikia huku Kagera. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Sefu, mtu mwenye asili ya Tanga, aliyekuwa na duka pale Kayanga na gereji nyuma ya duka. Mpole kwa wateja, mkali kwetu. Wiki yangu ya kwanza nilichomoa nyaya zote za plagi kwa mpigo, nikazirudisha ninavyojua mwenyewe, kisha nikainamia kabureta nimwambie dereva awashe. Injini ikapiga chafya ya moto usoni mwangu. Nyusi zote zikaenda. Mzee Sefu akanitazama, akasema, "Kinyozi wako leo hakukutoza kitu," akarudi dukani kupima sukari. Tangu siku ile nilichomoa waya mmoja mmoja, na ninyi fanyeni hivyohivyo hata kama kompyuta imewaambia vingine.

Alinifundisha kusikiliza injini kwa bisibisi: ncha kwenye chuma, mpini kwenye sikio. Alinifundisha skrubu ya kabureta: kaza taratibu mpaka injini ianze kukohoa, legeza nusu mzunguko, subiri, isikilize tena. Na alinifundisha kipimo cha buni.

Hili ninyi hamlijui kwa sababu mmekuta limekufa. Kwetu mgeni akiingia nyumbani huletewa kikapu kidogo chenye buni zilizochemshwa na kukaushwa, atafune. Mzee Sefu alikuwa mtu wa kahawa ya kunywa, ya kwao pwani, lakini desturi yetu aliipenda akaileta gereji. Ukimaliza kurekebisha sailensi, uliweka buni moja juu ya mfuniko wa chujio la hewa, injini inanguruma. Ikiviringika ikaanguka, kazi bado. Ikitulia, dereva aliichukua akaitafuna, na wewe fundi ulitoa nyingine mfukoni ukatafuna naye, mnatazamana. Hapakuwa na karatasi wala saini. Kutafuna pamoja maana yake umesema: gari hili nimelifanya kama la ndugu yangu. Kulikuwa na fundi mmoja aliyetafuna na mteja huku anajua boliti mbili za gurudumu hazipo. Mzee Sefu alimfukuza mbele ya watu wote, na mtu yule hakupata tena kazi Karagwe nzima.

Basi baada ya vita petroli ikawa adimu kuliko dawa. Madereva wetu, mnajua milima yetu ilivyo, wakawa kila mteremko wanaweka fri, yaani wanatoa gia, na kuliacha gari lishuke lenyewe, injini ikiwa kwenye sailensi tu. Kila mmoja akataka sailensi ya chini kabisa. Hapo ndipo mimi nilipopata jina. Niliweza kuishusha injini mpaka ukadhani imelala, na buni ikatulia juu yake. Wakaniita Deusi Sailensi. Kutoka Nkwenda watu walikuja wakinitafuta kwa jina hilo, nami kichwa kikavimba. Mzee Sefu aliniambia zaidi ya mara moja, "Deusi, usiibane pumzi mno, gari halikai gereji." Nilimwitikia ndiyo mzee, akigeuka nikaibana.

Akafariki. Gereji nikabaki nayo mimi. Ikafika miaka ya tisini, yakaanza kuja magari yaliyotumika ya ng'ambo, yasiyo na kabureta. Yana kiboksi cha kompyuta kimefichwa, yana valvu ndogo pembeni ya koo la injini, ina bomba lake la mpira. Sikujua kazi ya ile valvu. Sikumwuliza mtu, maana ningemwuliza nani? Mimi ndiye nilikuwa naulizwa. Hiyo ndiyo aibu ya kwanza, na ndiyo ndogo.

Tajiri mmoja wa Kayanga alinunua basi dogo la namna hiyo, likawa linakwenda Bweranyange na kurudi. Dereva wake alikuwa Anatoli, mtu wa hukohuko Bweranyange, mwembamba, mwenye sauti nzito iliyokuwa inaongoza kwaya parokiani. Anatoli alikuwa hanywi pombe kabisa. Mkewe, Mama Koku, alilelewa na baba mlevi, na alipochumbiwa alitoa sharti moja tu: siku nikisikia harufu kinywani mwako, usinihesabu tena kuwa mkeo. Wilaya nzima ilijua sharti lile. Wenzake stendi walikuwa wanamtania kwa chupa za soda, "Anatoli, nusa kwanza, mama atakupima."

Basi dogo likaanza kuugua. Sailensi inapanda, inashuka, inapanda, inashuka, na gari linatikisika abiria wakiwa ndani. Anatoli akaniletea. Tajiri akanitumia neno kwamba niishushe na sailensi yenyewe, gari linakunywa petroli.

Nikafungua boneti. Nikajaribu hiki na kile, wapi. Madereva kama sita wamenizunguka. Kwa bahati mbaya nikabana lile bomba la mpira kwa koleo, injini ikatulia palepale. Heh! Nikajiona bingwa. Nikavua kandambili yangu ya mguu wa kushoto, nikakata kisiginoni kipande cha duara, nikakichongachonga, nikakisokomeza ndani ya bomba. Kisha nikaenda kwenye skrubu ya kuzuia kipepeo cha hewa, kile kibati cha kufungua na kufunga njia ya hewa, skrubu ambayo kiwandani waliipaka rangi ya njano makusudi mtu asiiguse. Nikaigusa. Nikaishusha sailensi mpaka chini, chini kabisa, ile ya Deusi. Buni nikaiweka juu, ikakaa. Madereva wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Huyu hata ndege angemtengeneza." Nikatafuna na Anatoli.

Lile gonjwa, vijana, lilikuwa masizi. Valvu ilikuwa imeziba masizi tu. Ungeifungua kwa skrubu mbili, ukaisafisha kwa petroli na mswaki uliochakaa, ukairudisha, kwa muda wa mtu kutafuna buni tano. Kazi sahihi ilikuwa nyepesi kuliko upuuzi nilioufanya.

Siku ya pili Anatoli akarudi. Nakumbuka alisimama mlangoni kofia mkononi.

"Fundi, inazima. Nikikata kona ya stendi, usukani ukifika mwisho, inazima."

Pale palikuwa na wateja wawili. Ningesema nini mbele yao? Nikasema, "Anatoli, hilo si gari la baba yako la kukokotwa na ng'ombe. Hujui kuendesha gari la kisasa, basi."

Wateja wakacheka. Anatoli naye akacheka, maana hakuwa mtu wa ugomvi. Akasema, "Labda ni mimi kweli." Nikampa buni nyingine, akaitafuna akitoka.

Kwa miaka yote hii, hicho ndicho kinachoniuma kuliko hata ajali yenyewe. Aliniambia. Alikuja kwa miguu yake akaniambia.

Ilikuwa mchana, siku ya tatu. Gari limejaa, na nyuma kuna madumu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, yanapelekwa harusini. Kwenye mteremko wa kuingia Bweranyange Anatoli akaweka fri kama madereva wote walivyofanya. Akafika konani, akakata usukani. Usukani wa magari yale unasaidiwa na injini, ukiukata unaiongezea injini mzigo. Injini isiyo na kasoro ingejiongezea pumzi kwa ile valvu. Pumzi hiyo nilikuwa nimeiziba kwa kandambili. Ikazima. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito, na kile chungu cheusi kinachosaidia breki kinabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili. Anatoli alijifunzia kwenye malori ya zamani, na kule tulizoea kupampu breki, kukanyaga na kuachia. Akapampu. Mara ya tatu pedali ikawa jiwe. Gari likaacha barabara, likalala ubavu kwenye shamba la migomba.

Hakufa mtu, namshukuru Mungu mpaka leo. Bibi mmoja alivunjika mkono, wengine michubuko. Anatoli alivunjika mguu wa kulia chini ya goti, na madumu yote yakapasuka yakammwagikia. Walipomtoa alikuwa amelowa rubisi kichwa mpaka viatu. Mnaona sasa mambo yalikofika.

Nilichukuliwa na tajiri twende tukaliinue gari. Watu walikuwa wengi, kila mtu anasema lake, na neno lililokuwa linazunguka ni moja: amelewa. Anatoli walishampeleka hospitali. Trafiki wa kukagua gari alikuwa njiani. Tulipolisimamisha gari kwa kamba, nikasema, ngoja nitazame injini. Nikainama chini ya boneti kama mtu anayekagua. Nikachomoa bomba, nikavuta kile kipande kwa koleo, nikakitia mfukoni. Nikairudisha na ile skrubu karibu na rangi ya njano. Msije mkadhani nilichanganyikiwa, nilijua ninachofanya.

Trafiki akaja. Akasema washa. Likawaka, lile lile lililolala ubavu, likanguruma sailensi inapandapanda kidogo lakini haizimi. Akakanyaga breki, nzima. Akazungusha usukani, mzima. Akaniuliza, "Fundi, gari lina tatizo?" Nikasema, "Afande, gari ni zima." Akanusa kiti cha dereva, akatikisa kichwa, akaandika.

Hospitali Anatoli alisema gari lilizima. Wakamwambia tumeliwasha mbele ya watu. Akasema hakunywa. Wakamwambia nusa shati lako. Leseni ikaenda, kazi ikaenda. Kwaya wakamwambia apumzike kwanza. Akarudi shambani Bweranyange na mguu ambao haukunyooka tena, na nyumbani Mama Koku akahamishia kitanda chake chumba cha watoto.

Mimi? Mimi nikaendelea kuwa Deusi Sailensi. Kazi zikaongezeka. Baadaye nilijifunza ile valvu vizuri, nikaisafisha kwenye magari mengi, nikawa nasifiwa. Kila nikiishika nilikuwa nasikia joto masikioni. Kile kipande kilikuwa kwenye kopo la misumari, juu ya rafu, na sikuwahi kukitupa. Buni niliacha kuziweka juu ya injini. Wateja wakiuliza nilisema mambo ya kizamani hayo.

Mwaka wa tatu hivi, asubuhi ya gulio, Mama Koku akaja gereji. Ameweka mkungu wa ndizi chini, amesimama palepale mlangoni alipokuwa amesimama mumewe.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mama. Habari za Bweranyange?"

"Tupo. Fundi, nina swali, nalo linanikosesha amani. Wewe ndiye ulikuwa unalitengeneza lile gari, na wewe ndiye uliliona siku ile. Mume wangu ananiapia mpaka leo. Nami nilimnusa kwa pua yangu, hospitali. Niambie kweli, waitu, nakusihi. Gari lilikuwa na shida, au alikunywa?"

Hapakuwa na mteja hata mmoja. Hapakuwa na wa kumwonea haya. Kopo lilikuwa juu ya kichwa changu pale.

Nikasema, "Mama, breki zilikuwa nzima."

Na ni kweli, breki zilikuwa nzima! Nililichagua neno hilo kama mtu anavyochagua boliti kwenye sanduku, linaloingia bila kelele. Akaitikia, "Haya, Fundi. Ahsante," akajitwika mkungu wake. Nikamwona anavuka barabara, anajifuta uso kwa ncha ya kanga. Nikakaa chini sakafuni, kwenye oili, mtu mzima na heshima zangu, nikaona aibu mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Nilimaliza wiki mbili nikijidanganya nitakwenda kesho. Kisha Jumamosi moja nikachukua baiskeli, nikatia kipande mfukoni, nikaenda Bweranyange. Kwenye ile kona nilishuka nikakokota.

Nilimkuta Anatoli nje, anapukuchua maharage, mguu ameunyoosha juu ya kigoda. Akafurahi! Kunifurahia mimi. "Fundi Deusi! Leo umepotea njia? Mama Koku, tuna mgeni." Mama Koku akatoka na kikapu cha buni, akakiweka mbele yangu, akakaa. Mkono wangu haukuinuka.

"Ta Anatoli," nikamwita kwa heshima ya kwetu, "sijaja kutafuna. Nimekuja kusema mbele ya mkeo." Nikatoa kile kipande nikakiweka kwenye mkeka. Nikasema yote. Bomba, kandambili, skrubu, koleo, trafiki. Nikasema na siku aliyokuja gereji nikamcheka. Nikamgeukia Mama Koku nikasema, "Hakunywa. Na mimi nilijua uliponiuliza."

Mama Koku alisogea kwa magoti mpaka miguuni kwa mumewe, akashika ule mguu mbovu kwa mikono miwili, akaweka paji la uso juu yake. "Nilikunusa," akawa anasema, "nilikunusa, baba Koku, nikaamini pua." Anatoli alikuwa analia wazi kama mtoto, na anamwambia, "Basi, mama, basi." Mimi nilikuwa pale kama kiti. Nikaona nisimame niende zangu.

"Kaa," Anatoli akasema. Akajipangusa. Akakiokota kipande cha kandambili, akakitazama upande huu na upande huu, akakiweka ndani ya kikapu, juu ya buni, akanisogezea.

"Karibu, Fundi. Tafuna."

Hakupaza sauti. Nilikichukua, nikakirudisha mfukoni, nikawaaga. Hawakunisindikiza.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani kwao nikasema yaleyale, na kesho yake stendi Kayanga, kwa tajiri, na kwa trafiki. Yaliyonipata huko niliyastahili, siyahesabu. Anatoli alirudi kwaya. Sauti yake naisikia nikipita kule. Gari hakuendesha tena, mguu haukukubali. Tukikutana sokoni ananisalimia vizuri, Mama Koku pia. Nimefika kwao kwenye misiba miwili na harusi ya Koku. Wageni wote huletewa kikapu, nami huletewa chai.

Kwa hiyo, Edson na wenzako, mkiweka sailensi kwa hizo kompyuta zenu, msitosheke gari likitulia limesimama. Washeni taa zote, zungusheni usukani mpaka mwisho, kanyageni mafuta muachie ghafla, mkalishushe mlima pamoja na dereva mwenyewe, mkae ndani. Na dereva akirudi akawaambia inazima, wekeni kila kitu chini mwende naye, hata kama gereji imejaa watu wanaowasifu.

Kibao nawaomba mfute jina langu, rangi bado ni mbichi, mafuta ya taa yataitoa. Msumari wa kukitundikia mliopigilia mlangoni msiung'oe. Kesho nakuja na kile kipande cha kandambili nikitundike mwenyewe.